Mfupa wangu umetoa GPa 32, kitabu kinasema 20. Nimekosea wapi?

Swali lenyewe hili hapa, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa nne, uhandisi wa mitambo. Projekti yangu ni kupima ugumu wa mfupa kwa ultrasaundi bila kuuvunja. Nilinunua mfupa wa paja la ng'ombe buchani, nikakata kipande cha unene wa mm 8, nikapitisha mawimbi ya megahezi 2.25, spidi ikatoka mita 4,050 kwa sekunde. Densiti ni kilo 1,950 kwa mita ya ujazo. Nikazidisha densiti kwa mraba wa spidi ikaja GPa (gigapaskali) 32. Vitabu vinasema moduli ya Young ya mfupa ni kama 17 mpaka 20. Kipande cha pili cha mfupa uleule kikanipa spidi 3,350, sawa na GPa 22. Supavaiza kasema vipimo havina maana, nirudie vyote. Nimekosea wapi? Na je, ile mashine ya kuweka kisigino hospitalini inafanya kitu hichohicho?"

Marahaba mdogo wangu. Usirudie chochote kwanza, tulia. Namba zako zote mbili ziko sawa, tena kwa mtu anayepima mara ya kwanza mi nilitegemea fujo zaidi. Kosa ni moja tu, umepima kitu kimoja ukakiita kwa jina la kitu kingine. Hiyo 32 sio moduli ya Young, yaani kile kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kuvutwa au kubanwa. Na hiyo 22 nayo sio moduli ya Young, hata kama imekaa karibu na namba ya kitabu na inakushawishi uipende.

Najua kumwambia supavaiza "vipimo viko sawa ila jina limekosewa" sio kazi nyepesi, kwa hiyo kabla ya maneno yoyote fanya jaribio moja la dakika kumi. Nenda wekshopu omba kipande cha aluminiamu, kiwe na unene kama wa mfupa wako, nyuso mbili ziwe sambamba. Weka transdusa zilezile (vile vifaa vya kutoa na kupokea sauti), jeli ileile, soma muda. Utapata spidi kama 6,320 hivi. Densiti ya aluminiamu ni 2,700, kila mtu anaijua. Zidisha densiti kwa mraba wa spidi: inakuja karibu GPa 108. Sasa muulize supavaiza moduli ya Young ya aluminiamu ni ngapi, atakwambia 70 hata ukimuamsha usiku wa manane. Aluminiamu haijaoza, haijakauka, haina mafuta, hukuikata vibaya, na bado namba imezidi kwa nusu nzima. Hapo mtakuwa mmekubaliana kwamba tatizo sio mfupa wako wala mikono yako, ni ile fomula.

Kwa nini inazidi? Chukulia daladala iliyojaa ya saa moja asubuhi. Konda anasukuma abiria wa mlangoni waingie ndani, yule wa mlangoni anambana wa mbele yake, na wa mbele anatamani kujitanua pembeni ila pembeni nako kuna watu wamebanana vilevile, hana pa kwenda, kwa hiyo umati unakuwa mgumu kama ukuta. Sasa wapange watu walewale kwenye foleni moja ya benki, mstari mmoja, pembeni uwazi mtupu. Sukuma wa nyuma, kila mmoja anatoka kidogo kushoto au kulia, foleni inalegea. Watu ni walewale, kinachobadilika ni kama pembeni kuna nafasi au hakuna.

Moduli ya Young ni ya foleni. Unabana au kuvuta fimbo nyembamba huku mbavu zake, yaani pande zake, ziko huru kutanuka au kusinyaa. Ultrasaundi yako ni ya daladala. Kwenye megahezi 2.25 na spidi ya 4,050, wimbi moja lina urefu wa mm 1.8 tu, na kipande chako kina upana wa wimbi kadhaa. Pale wimbi linapobana, nyama ya mfupa inataka kutanuka pembeni lakini jirani zake wamebanwa nao kwa wakati uleule, hawapishani. Kwa hiyo unapima ukinzani wa kubanwa huku mbavu zimefungwa, na huo siku zote ni mkubwa kuliko moduli ya Young. Kwenye vitabu unaandikwa C33 ukipima kwa urefu wa mfupa, na C11 ukipima kwa upana. Andika hivyo kwenye ripoti, C33 = GPa 32, hakuna atakayekugusa. Richard Ashman na wenzake mwaka 1984 walipima mifupa ya mapaja ya watu kwa ultrasaundi wakapata C33 ya 27.6, na moduli ya Young ya mwelekeo huohuo ikawa 20.0. Ukiangalia uwiano huo, 32 yako inaangukia kwenye 22 au 23 hivi, na kwa ng'ombe hiyo ni namba ya kawaida kabisa.

Sasa hiyo spidi ya pili, 3,350. Hukuniandikia ulikata kipande kwa mwelekeo gani na nahisi hata wewe hukumbuki, sio? Wanafunzi karibu wote wanafika hapa. Mfupa ni kama mbao, una nyuzi. Fundi seremala hawezi kukwambia mninga una ugumu fulani bila kusema anapasua kufuata nyuzi au kukatisha. Nyuzi za kolajeni na madini kwenye mfupa mrefu zimelala zaidi kwa urefu, toka nyonga kwenda goti, kwa hiyo sauti inakimbia kwa mita 4,000 hivi ikifuata urefu na 3,300 au 3,400 ikikatisha. Kipande chako cha kwanza kilikuwa cha urefu, cha pili kilikuwa cha kukatisha, na ulichopata ni C11. Ukifikiria vizuri umepima kitu ambacho watu walihangaika nacho miaka mingi. Sidney Lang alichapisha mwaka 1969 vipimo vya ultrasaundi vya mfupa wa mnyama akionyesha tofauti ya mielekeo hiyo. We umekipata kwa bahati mbaya kwa kukata ovyo. Kuanzia leo, kabla msumeno haujagusa mfupa, chora mshale kwa penseli kuelekea goti na nukta upande wa nje, kwenye kila kipande, na ukisaga mshale ukafutika chora tena.

Kuna kitu watu wa ng'ombe wanakisahau pia. Ng'ombe wa buchani mara nyingi ni mdogo kiumri, mfupa wake umejengwa kwa matabaka kama tofali zilizopangwa, tofauti na wa mtu mzima uliojaa vile vimirija vya mviringo. Kwa hiyo hata ukikatisha, kutoka ndani kwenda nje na kuzunguka mduara sio lazima zitoe spidi moja. Kata mchemraba, pima pande zote tatu. Kipande kimoja, namba tatu, inatosha.

Ngoja nije kwenye mtego mkubwa kuliko yote, maana najua utauona kwenye intaneti na utaufurahia. Kuna fomula inayotumia spidi mbili, ya wimbi la kusukuma (hilo ulilonalo) na ya wimbi la shia, lile ambalo chembe zinacheza pembeni wakati wimbi lenyewe linaenda mbele. Unachukua densiti mara mraba wa spidi ya shia, unazidisha kwa mara tatu ya mraba wa spidi ya kusukuma ukitoa mara nne ya mraba wa shia, unagawa kwa tofauti ya miraba hiyo miwili. Kwa aluminiamu inafanya kazi vizuri sana, weka 6,320 na 3,100 uone, inatoka 69.6, kama muujiza. Sasa chukua mfupa, spidi ya kusukuma 4,050, spidi ya shia kwa mfupa mgumu huwa kwenye 1,800 hivi, weka kwenye fomula. Inatoka GPa 17.4. Umeona? Inaangukia ndani ya namba za kitabu, supavaiza anafurahi, unapata A.

Na ni uongo. Fomula ile ni ya kitu kisicho na nyuzi, kinachofanana pande zote, na we mwenyewe umeshaonyesha kwa 4,050 na 3,350 kwamba mfupa haufanani pande zote. Imetoa namba nzuri kwa sababu mbaya, afu mbaya zaidi ukiigeuza ukapima kipande cha kukatisha itakupa moduli nyingine tofauti ya "kitu kilekile" na hutakuwa na maelezo. Mi nimesahihisha ripoti za namna hii, mwanafunzi ana namba sahihi kabisa kwenye jedwali afu kwenye ukurasa unaofuata anajikanyaga.

Njia halali ni mbili. Ya kwanza ni ndefu: kukusanya namba zote za elastiki. Ukichukulia mfupa una mwelekeo mmoja maalumu wa urefu na pande nyingine zote zinafanana, zinahitajika namba tano. C33 na C11 unazo tayari. C44 na C66 zinatoka kwenye mawimbi ya shia, moja likienda kwa urefu na lingine likikatisha huku chembe nazo zinacheza kwa kukatisha. Ya tano, C13, ndo kichomi, inataka kipande kilichokatwa kwa pembe ya digrii 45 toka kwenye urefu, na kosa dogo la pembe linaiharibu. C12 haimo kwenye hizo tano, unaipata kwa kutoa C66 mara mbili kwenye C11. Ukiwa nazo zote, moduli ya Young ya urefu ni C33 ukitoa mara mbili ya mraba wa C13 iliyogawanywa kwa jumla ya C11 na C12. Hicho kinachotolewa ndo yale mabega ya jirani kwenye daladala.

Kwa shia utahitaji transdusa zake maalumu, na jeli ya kawaida haipitishi shia kwa sababu ni majimaji, majimaji hayashikiki kwa kupindwa pembeni. Tumia asali. Sitanii, asali nzito safi, maabara nyingi duniani wanatumia hiyo, paka kidogo, kandamiza, subiri itulie. Ukinunua ya barabarani iliyochanganywa na maji ya sukari huoni kitu kwenye osiloskopu (ile mashine yenye kioo kinachochora wimbi), na hapo utakuwa umepima ubora wa asali bure.

Njia ya pili ni fupi na ndo ningekushauri kwa muda uliobaki. Toka daladala, nenda foleni. Yaani tengeneza fimbo nyembamba ya mfupa na upitishe wimbi refu kuliko unene wa fimbo mara nyingi, ili mbavu ziwe na nafasi ya kutanuka. Idara ya ujenzi hapo chuoni kwenu nina uhakika wana mashine ya kupimia zege kwa ultrasaundi, ile yenye silinda mbili za chuma na waya, inapiga kwenye kilohezi 54. Kwa mfupa, wimbi la kilohezi 54 lina urefu wa zaidi ya mm 60. Ukichonga fimbo ya mm 8 kwa 8 na urefu wa mm 100 au zaidi, wimbi haliioni kama ukuta, linaiona kama fimbo, na hapo sasa ndo densiti mara mraba wa spidi inakupa moduli ya Young moja kwa moja bila kupitia C13. Tegemea spidi ya kama 3,300, ambayo inatoa GPa 21. Muda utakuwa mikrosekunde 30, mashine inasoma sehemu ya kumi, kwa hiyo usomaji wenyewe sio tatizo. Tatizo ni mwanzo wa wimbi: ukiwa dhaifu mashine inachelewa kuushtukia na spidi inashuka, kwa hiyo ikiwezekana toa waya wa pili uende kwenye osiloskopu, usiamini kioo cha mashine peke yake. Na iweke kwenye sifuri kwanza kwa kile kijiti cha kalibresheni kinachokuja nayo.

Kwa fimbo ndefu mfupa wa paja una kona nyingi. Tafuta ule mfupa wa mguu chini ya goti, ulionyooka, wa supu ya makongoro, ukuta wake mnene. Ila angalia, makongoro mengi sokoni yameshababuliwa motoni kutoa manyoya. Hayo yaache kwa wapishi. Moto unaharibu kolajeni, na bila kolajeni una chaki tu yenye umbo la mfupa. Ongea na mwenye bucha mapema akuwekee mbichi.

Nikiwa hapo hapo kwenye mfupa mbichi. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii niliacha vipande dirishani Ijumaa, Jumatatu nikarudi nikapima, spidi zote zimepanda. Nikashinda siku mbili nikiandika nadharia. Mfupa ulikuwa umekauka, basi. Mfupa mkavu unakakamaa na unakuwa mwepesi kukatika, na mwilini hakuna mfupa mkavu, kwa hiyo namba za mfupa mkavu hazimwambii mtu chochote kuhusu ng'ombe aliyekuwa anatembea. Funga vipande kwenye gozi ya kufungia vidonda iliyolowa maji ya chumvi ya hospitali, weka kwenye mfuko, gandisha kwenye friza. Ukitaka kupima acha viyeyuke vyenyewe, usichemshe, usiloweke kwenye spiriti wala fomalini. Ukikata mwagia maji muda wote, ukisikia harufu ya nywele zilizoungua ujue umeshaua kipande. Densiti nayo ipime kikiwa kimelowa: pima hewani baada ya kukifuta juujuu, pima tena kikining'inia majini kwa uzi, tofauti ya hizo mbili inakupa ujazo kwa kanuni ya Archimedes. Wengi wanapima ujazo kwa kalipa na kipande kina pembe zilizokatika, afu wanashangaa.

Kuhusu muda, hapa ndipo ningekubaliana na supavaiza kwamba uangalie upya. Mm 8 kwa spidi yako ni mikrosekunde 1.975, chini ya mbili. Ukikosea sehemu moja ya kumi ya mikrosekunde, na jeli nene peke yake na uso wa transdusa vinaweza kukupa hiyo, spidi inakosewa kwa asilimia 5 na namba ya elastiki kwa asilimia 10, kwa sababu spidi iko kwenye mraba. Hiyo ni GPa 3 zimepotea kwenye jeli. Dawa yake rahisi: pima kipande kikiwa na mm 8, kisage kwenye msasa wenye maji mpaka mm 6 pima, mm 4 pima. Chora muda dhidi ya unene. Mteremko wa mstari ndo unakupa spidi, na ucheleweshaji wote wa waya na jeli unabaki kwenye pale mstari unapokata mhimili, hauingii kwenye hesabu. Mstari usiponyooka kuna kitu, mara nyingi nyuso hazipo sambamba.

Kitu kingine supavaiza atakuuliza ni kwa nini usibane tu kwenye mashine ya wekshopu umalize. Bana, kwa nini usibane. Ila ukibana mchemraba mdogo na kusoma mwendo kwenye mashine yenyewe utapata namba ndogo mno, saa nyingine nusu, kwa sababu mashine nayo inajikunja na ncha za kipande zilizokatwa zinasagika kwanza. Na hata ukipima kwa uangalifu wote, ultrasaundi huwa inatoa juu kidogo. Rho, Ashman na Turner mwaka 1993 walilinganisha njia mbili kwenye mfupa wa binadamu: kwa ule mgumu wa nje ultrasaundi ilitoa 20.7 na kuvuta vipande vidogo sana kukatoa 18.6, kwa vijiti vya mfupa wa sponji ikawa 14.8 kwa 10.4. Sehemu ya tofauti inatokana na mfupa wenyewe, ukiusukuma polepole unalegea kidogo, ukiusukuma mamilioni ya mara kwa sekunde haupati muda wa kulegea. Sehemu nyingine ni kwamba kijiti kidogo kina kasoro ndogondogo na mashine inazihisi.

Sasa turudi kwenye neno lako "ugumu", maana hili nimelikuta kwenye kichwa cha projekti na litakuponza siku ya kujitetea. Kiswahili chetu kinabeba vitu vitatu kwenye neno hilo: kutokwaruzika, kutopindika, na kutovunjika. Ultrasaundi inapima cha pili tu. Inatikisa mfupa kidogo mno, haujui hata kama umeguswa, kwa hiyo haiwezi kujua utavunjika kwa mzigo gani. Watu wanadhani kisichopindika ndo kisichovunjika, na John Currey alishaivunja hiyo imani mwaka 1979 kwa mifupa mitatu, yeye akitumia mashine za kuvunja. Pembe ya paa wa Ulaya ilikuwa na moduli ya 7.4. Mfupa wa paja la ng'ombe 13.5. Mfupa wa sikio la nyangumi 31.3, umejaa madini kuliko yote. Ukivipitishia ultrasaundi, nyangumi anaongoza kwa mbali. Lakini nguvu ya kuvunja kwa kupinda ilikuwa 179 kwa pembe, 247 kwa ng'ombe, na 33 tu kwa nyangumi, hizo ni megapaskali. Na nishati ya kuuchana ilishuka kutoka 6,190 mpaka 1,710 mpaka 200, kwa jouli kwa mita ya mraba. Ukiangalia kazi zao inaeleweka, pembe ni ya kupigania, inatakiwa ipigwe isikatike, na mfupa wa sikio hakuna anayeupiga, unatakiwa utulie sauti isikike. Kwa hiyo usiandike popote kwamba mfupa wako "una nguvu" kwa sababu spidi ni kubwa. Andika ukakamavu, au moduli, na kama utataka nguvu basi vunja vipande vichache pembeni.

Mashine ya kisigino nitaipitia haraka. Sio kitu hichohicho. Christian Langton na wenzake, Uingereza, mwaka 1984 ndio walioanza kuangalia jinsi kisigino kinavyomeza sauti kadiri frikwensi inavyopanda, kati ya megahezi 0.2 na 0.6, wakitafuta wanawake wenye mifupa iliyokonda. Kisigino karibu chote ni sponji iliyojaa uboho na mafuta, sauti inapita kwa 1,500 au 1,600 hivi, jirani kabisa na maji, ambayo ni 1,480. Ukichukua spidi hiyo ukaiweka kwenye mraba mara densiti unapata moduli ya supu. Ndani ya sponji kuna hata mawimbi mawili yanayosafiri pamoja, la haraka linaloshika vijiti vya mfupa na la polepole linalopita kwenye majimaji, Hosokawa na Otani waliyaonyesha wazi mwaka 1997 kwenye mfupa wa ng'ombe. Kwa hiyo mashine ya kisigino haitoi GPa, inatoa alama ya kulinganisha mtu na wenzake, na kwa kukisia hatari ya kuvunjika inasaidia kweli. Ila ile alama ya chini ya -2.5 inayotumika kumwambia mtu ana osteoporosisi imewekwa kwa eksirei ya densiti, usiihamishie kisigino. Kwenye ripoti yako ipe aya moja, isizidi.

Kwa wiki mbili hizi ningefanya hivi: aluminiamu kesho asubuhi ukiwa na supavaiza pembeni aone mwenyewe 108. Mchemraba mmoja wenye mishale, pande tatu, unene tofauti. Fimbo tatu za makongoro mabichi kwenye mashine ya zege. Shia na asali ukipata muda, ukikosa muda acha, ila usiijaze nafasi hiyo na ile 17.4. Jedwali liwe na safu tofauti za C33, C11 na moduli ya Young, na chini ya kila moja andika frikwensi na upana wa kipande, maana bila hivyo viwili msomaji hajui kama ulikuwa kwenye daladala au kwenye foleni.